Wanaokataa Wanyooshe Mikono

"Wanaokataa wanyooshe mikono," alisema kaka yetu mkubwa.

Ilibidi arudie, maana mvua ya Rungwe ilikuwa inapiga bati na sisi wa nyuma hatukusikia. Tulikuwa tumebanana sebuleni, wazee kwenye makochi, wengine kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa kwa jirani, vijana wamesimama mlangoni. Ajenda ilikuwa moja. Binti wa marehemu kaka yetu, mwenye miaka 29 na kazi yake, anataka kuolewa. Mshenga ameshafika, barua ya posa imeshapokelewa na bahasha yake. Kilichobaki ni jibu.

Mikono ikaenda juu. Wa baba yake mdogo ulitangulia, umenyooka wote, vidole vimetanuka. Shemeji yangu, mama mzazi wa binti, aliunyanyua wake hadi usawa wa bega, ukaishia hapo. Hakuupandisha, hakuushusha. Kijana aliyepewa kazi ya kuhesabu alimtazama, akasita, kisha akamhesabu.

Binti mwenyewe alikuwa jikoni, anamenya ndizi za kuwalisha waliokuwa wanampigia kura.

Waliokataa walikuwa wengi.

Sababu yao ni kwamba kijana anaishi na VVU. Hakumficha binti. Alimwambia mapema, uchumba haujakolea, binti akaenda kuuliza kwa wataalamu, akafikiri, akaamua kuendelea. Baadaye akamwambia mama yake. Mama akamwambia shemeji yake. Kufikia siku ya kikao hakukuwa na mtu kwenye ukoo ambaye hajui.

Nilisema mimi sipigi kura, kwa sababu hili si jambo la kupigiwa kura. Kaka hakukasirika. Alinitazama, akauliza taratibu: "Haya, shangazi mtu. Kama si sisi wengi, nani aamue? Wewe?"

Sikuwa na jibu zuri pale pale, na tangu siku hiyo swali lake linanifuata hadi sokoni.

Niseme jambo moja kabla ya kuendelea. Wachumba wote wawili wamesoma makala hii kabla yenu na wameniruhusu. Mambo ambayo yangeweza kuwatambulisha nimeyabadilisha au nimeyaacha.

## Hofu yao naijua

Ingekuwa rahisi kuandika kwamba wazee wetu ni wabaguzi. Sitaandika hivyo, kwa sababu nilikuwa nao tulipokuwa tunazika.

Aliyekulia nyanda za juu kusini miaka ya tisini hahitaji kusimuliwa. Barabara kuu ya kwenda Zambia, malori yamelala Makambako na Tunduma, ndugu anarudi kutoka mjini amekonda, na neno lenyewe halitajwi msibani. Kaka huyu huyu aliyeitisha mikono alilea watoto wa ndugu zake waliokufa kabla dawa hazijafika. Na jambo lenyewe halijapita: kwenye utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2022-2023, Njombe ilikuwa na kiwango cha maambukizi cha zaidi ya asilimia 12 kwa watu wazima, wakati nchi nzima ilikuwa chini ya asilimia 5. Iringa na Mbeya ndizo zinazofuata kwa karibu.

Kwa hiyo mkono wa baba mdogo ulipopanda, ulipanda na makaburi nyuma yake.

Kingine ni kwamba ndoa kwetu haijawahi kuwa ya watu wawili peke yao. Ukoo unapokea mahari, ukoo unachanga, ukoo unasuluhisha mke akirudi nyumbani na sanduku lake, ukoo unachukua watoto. Baba mdogo aliliweka wazi kikaoni: "Mzigo ukianguka, hao wawili hawataubeba. Tutaubeba sisi. Sasa kwa nini tusiulizwe?"

Ni hoja nzito. Kuulizwa ni haki yao. Kilichonisumbua ni hatua ile ya pili, pale kuulizwa kulipogeuka kuwa kuhesabiwa, na aliyezidiwa mikono akatakiwa anyamaze na maisha yake. Nilijua hapo kuna kitu hakiko sawa. Kukitaja kwa maneno ndiko kulikonishinda.

Ningeweza kujificha nyuma ya sayansi. Dawa za kufubaza VVU zipo, na mtu anayezitumia vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Watoto wanazaliwa salama. Hayo niliyasema, na baadhi ya waliokuwa pale hawakuwa wameyasikia. Lakini baadaye nilijiuliza: je, ingekuwa ni ugonjwa usio na dawa? Je, angekuwa Mwislamu anayeoa kwa Wamoravian, au kijana wa kabila ambalo ukoo wetu haulipendi? Ningekuwa nimebaki na nini cha kusema? Kama hoja yangu yote ni kwamba wengi wamekosea habari za kitabibu, basi nimekubali kwamba siku wakiwa na habari sahihi mamlaka ni yao.

Hapo nilikwama kwa muda mrefu.

## Mchungaji haulizi idadi

Jibu nililipata kanisani, Jumapili ya kawaida kabisa, wakati wa matangazo ya ndoa.

Mnayajua. Fulani wa mtaa fulani na binti fulani wanatarajia kufunga ndoa, tangazo la pili, mwenye kujua kizuizi chochote apeleke taarifa ofisini. Nimeyasikia tangu nikiwa mtoto na sijawahi kuyasikiliza. Siku hiyo niliyasikiliza. Mchungaji hakuuliza wangapi hawaipendi ndoa hiyo. Aliuliza kama kuna mtu, hata mmoja, anayejua kizuizi.

Nilipofika nyumbani nilifungua Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Nayo imekaa vivyo hivyo. Inasema ndoa haifungwi bila ridhaa ya hiari ya wote wawili. Inataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa angalau siku 21 kabla, na taarifa hiyo itangazwe. Halafu inamruhusu mtu yeyote kuweka pingamizi, ili mradi anajua jambo ambalo kwa sheria hiyo ni kizuizi: mmoja wao yuko kwenye ndoa nyingine isiyoruhusu hii, ni ndugu wa damu wa karibu, hajafikisha umri, analazimishwa.

Mtu mmoja mwenye sababu anaweza kuisimamisha harusi. Ukumbi mzima usio na sababu hauwezi.

Hiyo ndiyo tofauti niliyokuwa naitafuta. Kuna maswali ambayo idadi inayajibu vizuri, kama nani awe diwani wetu, au kisima kichimbwe upande gani wa kijiji, kwa sababu diwani ni wa wote na maji tunakunywa wote. Kuna maswali mengine ambayo yanadai sababu, na sababu haiongezeki uzito kwa kurudiwa na watu wengi. Nani aolewe na nani ni swali la namna hiyo.

Hata suala la ugonjwa sheria haikulisahau. Inampa mwenzi aliyefungishwa ndoa bila kujua kwamba mwenzake ana ugonjwa wa zinaa unaoambukiza nafasi ya kwenda mahakamani kuomba ndoa ibatilishwe. Tazama ni nani anayepewa mlango huo. Ni yule aliyefichwa. Baba mdogo hakupewa, na binti yetu hakufichwa kitu.

Nilifurahi. Nilidhani nimemaliza.

## Sheria hiyo hiyo na msichana wa miaka 15

Kisha nikasoma kifungu cha 13, na furaha ikaniisha.

Kifungu hicho kiliweka umri wa chini wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume na miaka 15 kwa msichana, na mahakama ikapewa ruhusa ya kushusha hadi 14 kukiwa na mazingira maalumu. Kifungu cha 17 kikasema msichana aliye chini ya miaka 18 aolewe kwa ridhaa ya baba. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alivipeleka vifungu hivyo Mahakama Kuu, na vikatamkwa kuwa kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa. Upande wake ulieleza kwamba tofauti ile ya umri ilikuwa maafikiano yaliyozingatia mila na dini za wananchi. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo.

Majaji wachache, basi, walitengua kitu kilichopita bungeni na kilicholingana na desturi za watu wengi sana.

Mimi nilishangilia hukumu ile. Huku kwetu sote tumeona msichana anakatishwa shule kwa sababu ng'ombe wameshaletwa. Lakini sasa ilinibidi nijiulize kwa ukali. Kama nasema wengi wasimwamulie mtu nani wa kuolewa naye, kwa nini nafurahi msichana wa miaka 15 anapokatazwa, hata akisema mwenyewe kwamba anataka? Je, sijabadilisha tu kundi la waamuzi, nikawatoa wazee wa ukoo na kuwaweka majaji?

Nimeligeuza hili usiku na mchana, na pale nilipofika ni hapa. Kanuni ya umri inamlinda mtu asifanyiwe uamuzi na wengine kwa kinywa chake. Msichana wa miaka 15 anayesema "nataka" nyumbani kwa baba ambaye ameshapokea mahari, wewe na mimi tunajua ni sauti ya nani hiyo. Kumwambia asubiri hadi 18 ni kumtunzia uamuzi mpaka uwe wake. Kumwambia mwanamke wa miaka 29 "hapana" ni kumpokonya uamuzi ambao tayari ni wake. Kote kuwili ninachokitetea ni ridhaa ya mwenye ndoa.

Sidai hoja hii imekamilika. Kuna mtu atauliza kwa nini 18 na si 17, na nitamwambia mstari lazima uchorwe mahali na kwamba kuuchora ni kazi halali ya bunge, yaani ya wawakilishi wa walio wengi. Hapo wengi wana kazi, na ninawaachia.

## Baba mdogo wa Seretse

Kaka anaipenda historia, kwa hiyo nilimtafutia mfano wa Afrika, asije akasema nimetoa mambo ya Ulaya.

Mwaka 1948, Seretse Khama, mrithi wa uchifu wa Bamangwato katika nchi ambayo leo ni Botswana, alimuoa Ruth Williams, Mwingereza mweupe, huko London. Aliyesimama mbele kumpinga alikuwa Tshekedi Khama, aliyekuwa anakaimu uchifu na ndiye aliyemlea. Kwa ukoo alikuwa baba yake mdogo.

Jambo likapelekwa kwenye kgotla, baraza la wanaume pale Serowe. Mwanzoni wengi walikuwa na Tshekedi. Likarudi tena mwaka huo huo. Likarudi mara nyingine Juni 1949, na safari hii maelfu wakasimama upande wa Seretse na mkewe. Walio wengi waligeuka ndani ya miezi michache tu.

Kaka angesema: si unaona? Wengi waliamua vizuri. Na ni kweli, hilo lilinipa shida. Wengi wanaweza kusikiliza, wakalainika, wakapokea. Nimeona hata kwenye ukoo wetu.

Lakini ndoa ya Seretse haikusubiri kgotla. Alipokuja kuwaeleza watu wake, Ruth alikuwa ameshakuwa mke wake. Alichowaomba ni wampokee kama chifu pamoja na mke aliyemchagua, na hilo kweli lilikuwa lao kulijibu, kwa sababu chifu ni wa wote. Kama angewaomba ruhusa ya kuoa kwenye baraza la kwanza, jibu lingekuwa hapana, na baraza la tatu lisingekuwa na mke wa kumpokea.

Halafu Uingereza, ikiisikiliza Afrika Kusini ambayo mwaka 1949 ilipiga marufuku ndoa za weupe na wasio weupe, ikampeleka Seretse uhamishoni. Alirudi 1956 baada ya kuukana uchifu, na 1966 akawa rais wa kwanza wa nchi yake.

## Miaka 25 ya kusubiri

Marekani wana mfano unaoumiza zaidi. Mildred na Richard Loving, mwanamke mweusi na mwanamume mweupe, walioana mwaka 1958 na wakakamatwa nyumbani kwao Virginia wiki chache baadaye. Uchunguzi wa maoni ya watu wa mwaka huo huo ulionyesha ni Wamarekani 4 tu katika kila 100 walioziunga mkono ndoa za namna hiyo. Mwaka 1967 majaji wote tisa wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo waliifuta marufuku. Kama ingesubiriwa idadi, wengi walikuja kukubali miaka ya tisini.

Jimbo la Alabama liliacha marufuku kwenye katiba yake, ingawa haikuwa na nguvu tena, hadi wananchi walipopiga kura ya kuiondoa Novemba 2000. Takriban wapiga kura 4 kati ya 10 walitaka ibaki.

Richard Loving alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1975. Kura ya Alabama ingekuwa ndiyo iliyoamua maisha yake, angekuwa kaburini miaka 25.

Watu wakisema "subirini, jamii itaelewa", huenda ni kweli itaelewa. Ila anayeambiwa asubiri anazeeka.

## Pale ambapo hoja yangu inanigharimu

Nawajua wasomaji wangu, na najua swali litakalokuja. Je, na wa jinsia moja?

Kwetu sheria iko wazi. Sheria ya Ndoa inataja mwanamume na mwanamke, na uhusiano wa jinsia moja ni kosa la jinai. Walio wengi wako hapo bila ubishi, na kanisa langu linafundisha hivyo. Bado nalisikiliza kanisa langu.

Hata hivyo kuna nchi ambazo ziliamua jambo hili kwa kura, na kura hizo zimenifundisha kitu kuhusu kura. Ireland mwaka 2015 ilikubali kwa asilimia 62. California mwaka 2008 ilikataa kwa asilimia 52, wakati jozi za wapenzi takriban 18,000 zilikuwa zimeshaoana ndani ya miezi michache iliyotangulia. Mahakama ya jimbo ikasema ndoa hizo zibaki halali lakini mpya zisifungwe. Kwa hiyo majirani wawili, wa hali moja, mtaa mmoja, mmoja alikuwa mwenye ndoa na mwingine hana ruhusa, kilichowatenganisha kikiwa tarehe ya uchaguzi.

Siwezi kusema kizuizi cha ndoa kinahitaji sababu, kisha nikifika hapa nikaacha kutafuta sababu na kuonyesha idadi ya mikono. Anayepinga ndoa hizo anazo hoja zake za imani na za maumbile, na azitoe hizo, zipimwe. "Sisi ni wengi" haimo kati ya hizo. Najua sentensi hii itanipunguzia baadhi yenu, na nimeiacha kwa sababu naiamini.

## Kura inataka kujua

Kuna jambo la mwisho, na sikulitambua hadi binti alipolisema.

Nilimuuliza ni kitu gani kilimuuma zaidi siku ile. Nilitegemea aseme mkono wa mama yake. Akasema: "Shangazi, kilichoniuma ni kwamba sasa wote wanajua. Hakuwa amewaambia hata rafiki zake."

Ili watu wapige kura lazima wajue wanachokipigia. Ukikubali kwamba ndoa ya mtu iamuliwe kwa wingi wa mikono, umekubali pia kwamba hali yake ya damu, dini ya bibi yake, madeni ya baba yake, kila kitu, kimwagwe sebuleni mbele ya vijana waliosimama mlangoni. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya vipimo yawe siri ya aliyepimwa. Sisi tuliyafanya ajenda. Na kijana yule, ambaye kosa lake lote lilikuwa kusema ukweli kwa mtu mmoja aliyestahili kuujua, hakuwepo hata kujieleza.

Wiki iliyopita nilimpigia kaka. Nilimwambia jibu langu ni hili: waamue wao wawili. Sisi tuulize, tushauri, tuonye hata kwa ukali, na mwenye kizuizi cha kisheria akipeleke panapohusika.

Akakaa kimya, kisha akasema, "Na kijana akiugua?"

"Tutamuuguza, kaka. Uliwauguza wangapi wewe, na nani alipigiwa kura kwanza?"

Hakujibu hilo. Alisema baba mdogo wa binti bado ana msimamo ule ule na hatahudhuria. Mimi pia sitegemei atahudhuria.

Wachumba wameshapeleka taarifa ya ndoa na siku zinahesabiwa. Kaka anajua. Mpaka naandika hapa hajaweka pingamizi lolote, na jana alinitumia ujumbe akiuliza ng'ombe wa mahari watakuja wenyewe au watahesabiwa kwa fedha, maana malisho mwaka huu ni shida.